Mkanda Unaokataa Kukaa Njiani

Msumeno wa mkanda ni mashine ya magurudumu mawili, moja juu na jingine chini, yaliyozungukwa na utepe mmoja wa chuma wenye meno. Gurudumu la chini huendeshwa na mota. La juu hufuata tu, na ndilo linaloinamishwa mbele au nyuma kwa kishikio kidogo kilicho mgongoni mwa mashine. Kishikio hicho ndicho chanzo cha vituko vingi vya karakana ya nyumbani. Ni chepesi, hakina ubishi, na kila anayeingia akaona mkanda unatoka njiani hukishika kabla hajavua koti.

Mashine yenyewe si ya jana. William Newberry alipata hataza ya msumeno wa aina hii huko Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, lakini mikanda ya wakati huo haikudumu. Ilikatika pale ilipoungwa. Mwaka 1846 Mfaransa Anne Paulin Crépin akapata hataza ya njia ya kuunga ncha zake zisiachiane. Mkanda ukaacha kukatika ovyo, ukapata nafasi ya kufanya mambo mengine, likiwemo la kuchomoka.

Kigali, maseremala wengi wamekusanyika Agakinjiro ya Gisozi, na huko misumeno hulia kutwa nzima na fundi huijua kwa sikio. Fundi wa nyumbani ni habari nyingine. Ana kibanda nyuma ya nyumba, Kimironko au Kanombe, mashine yenye magurudumu ya inchi 14, na Jumamosi tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nayo asubuhi yake ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kwa hiyo mashine huwashwa karibu na adhuhuri, saa ambayo jirani ndiyo kwanza amejinyoosha.

Taabu huanza kwenye kununua. Mashine nyingi za inchi 14 hutaka mkanda wa milimita 2,375. Zilizoongezwa kipande cha kurefusha nguzo hutaka wa 2,667. Aliyepima kwa kamba, kisha akaongeza kidogo kwa tahadhari, hurudi na mkanda unaoning'inia. Mkanda huuzwa umekunjwa duara tatu na kufungwa waya, na husafiri kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, ukiwa umekumbatiwa na abiria, huku dereva akitamani kuuliza na akijizuia kwa adabu. Waya ule haukatwi sebuleni. Ukikatwa, duara tatu hufunguka kwa mpigo mmoja kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Hukatwa nje, kwa glavu na miwani, watoto wakiwa mbali.

Meno ya mkanda, pale mezani, hutazama mbele na chini. Hapa kuna mtego unaostahili heshima yake. Mkanda mwingine ukivalishwa, meno hutazama juu. Ukigeuzwa ubavu, meno huhamia nyuma. Ukigeuzwa tena, hutazama juu kama mwanzo. Wapo waliourudisha dukani kwa hasira kuwa una kasoro ya kiwandani. Muuzaji huupokea, huupindua ndani nje kwa mikono miwili kama soksi, na kuurudisha bila kusema neno. Ukimya huo huuma kuliko matusi.

Kabla ya lolote, plagi huchomolewa. Zaidi ya kulinda vidole, jambo hili halitumii hata yuniti moja ya umeme wa Cash Power. Kisha vielekezi vya pembeni na beringi ya nyuma huvutwa mbali na mkanda, juu ya meza na chini yake. Vile vya chini husahauliwa karibu kila mara kwa kuwa haviko machoni na vimezikwa kwenye unga wa mbao. Mkanda unaosukumwa na kielekezi kilichosahauliwa hautarekebishwa na kishikio chochote duniani. Mpira wa magurudumu nao hukwanguliwa, kwa sababu unga ukichanganyika na utomvu wa msonobari hujenga vilima ambavyo mkanda huvipanda na kuvishuka kwa mtikisiko.

Baadaye mkanda hukazwa, na hukazwa kabla ya kugusa kishikio, kwa kuwa ukikazwa mwishoni njia yake hubadilika. Ukisukumwa ubavuni kwa kidole, nguvu ya wastani, wenye mkazo wa kutosha huenda pembeni kama milimita 6 tu.

Ndipo zamu ya kishikio. Magurudumu ya mashine nyingi ndogo yamebinuka kidogo katikati, na mtu angetarajia mkanda uteleze kutoka kwenye kilele hadi ukingoni. Kinyume chake, hupanda. Sehemu iliyolala kwenye mteremko hupinda kuelekea upande ulioinuka, na kila kipande kinachofuata hutua juu zaidi, mpaka miteremko miwili ivutane sawasawa. Kazi ya kuinamisha gurudumu ni kuchagua mahali pa kuvutania. Sehemu ya juu ya gurudumu ikiinamishwa nyuma, mkanda huenda nyuma; ikiletwa mbele, huja mbele.

Lakini hauendi papo hapo. Gurudumu linatakiwa kuzungushwa kwa mkono mizunguko kadhaa ndipo mkanda ukubali, na subira hiyo ndiyo haipatikani dukani. Fundi hukizungusha kishikio robo, haoni kitu, hukizungusha robo nyingine. Mkanda, ukiwa ndiyo kwanza unatii agizo la kwanza, hupokea la pili, hupita katikati na kwenda ukingo wa pili. Hurudishwa kwa pupa, ukapita tena. Wakati huo shemeji ameshafika, anasema kidogo kulia, na jirani, ambaye usingizi umekwisha, anasema juu ya ukuta kwamba ni kushoto. Wote wawili wanaitazama mashine kwa nyuma.

Mkanda ukitulia, nati ya kufungia kishikio hukazwa, milango hufungwa, ndipo plagi hurudi. Mashine huwashwa na kuzimwa mara moja kwa majaribio: mkanda hukimbia kama mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa, mwendo wa moto isiyo na haraka, isipokuwa moto haina meno.

Vielekezi hurudishwa mwisho, plagi ikiwa nje tena. Vya pembeni huachiwa nafasi ya unene wa karatasi, na hukaa nyuma ya meno, visiyaguse. Karatasi ya daftari inatosha. Mwenye kupimia kwa noti ya faranga 500 ahakikishe ameitoa. Beringi ya nyuma huachwa nusu milimita hivi, ianze kuzunguka pale tu ubao unapousukuma mkanda.

Ikiwa mkanda umekaa sawa lakini mkato unakwenda kombo, kosa si la kishikio, ingawa mkono utakiendea. Mara nyingi meno ya upande mmoja yamekuwa butu kwa kukutana na msumari ndani ya ubao wa zamani, na dawa ni mkanda mwingine. Kazi ikiisha mkazo hulegezwa, na kijikaratasi hubandikwa kwenye swichi kueleza hivyo, kwa sababu shemeji ana ufunguo wa kibanda.