Mnyonge Mnyongeni, Mpauko Mpeni Haki Yake

Leo nimekuja kuutetea mpauko. Nasema ule weupe wa majivu unaokaa miguuni, viwikoni na pembeni mwa pua mtu akikosa mafuta, ule ambao mama zetu waliuhesabu kuwa aibu ya nyumba nzima. Kwetu Dodoma mtoto hakutoka kwenda shule bila kupakwa mafuta ya mgando mpaka ang'ae kama andazi lililotoka karaini. Mama akikuona umepauka, haoni mguu. Anasikia tayari watakavyosema majirani.

Lakini ubao wetu wa kwanza nani aliutoa? Kabla hatujanunuliwa daftari tuliandika majina yetu miguuni kwa kijiti, tukajumlisha hesabu, tukafuta kwa mate. Haukutaka chaki wala ada.

Hata hivyo mpauko wa Dodoma ni wa kienyeji, mtoto wa vumbi na kipupwe. Mpauko wa ukoo nimekutana nao Maebashi, makao makuu ya mkoa wa Gunma, kaskazini-magharibi mwa Tokyo. Babu yake ni upepo wa Siberia. Upepo huo huvuka Bahari ya Japani ukinywa maji njiani, hugonga milima, na huko upande wa Niigata huyatema yote yakawa theluji. Ukishuka huku Maebashi ninakofanya kazi, hauna hata tone mfukoni. Wenyeji wanauita karakkaze, na hawauonei haya. Wana msemo kwamba fahari ya Gunma ni wake wenye amri nyumbani na karakkaze. Wake wanasifiwa kwa kuwa walifuga viwavi wa hariri wakaingiza fedha. Upepo haujawahi kufanya kazi yoyote, ila umepata kutajwa nao kwa pumzi moja.

Tena mpauko wa huku una itifaki. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani hutoa tahadhari hewa inapokauka kupita kiasi, kwa kuhofia moto. Niambieni, maradhi gani mengine ya ngozi yanatangazwa na serikali kabla hayajamfikia mgonjwa?

Sifa yake kubwa ni ukweli. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zimepangwa kama matofali, na kati yake kuna mafuta yanayoshika kama udongo wa ukutani. Maji yakipungua, matofali hujikunja kingo, na mwanga ukipiga pale hutawanyika, ndiyo maana tunaona weupe. Mwenzangu wa kazini, Mjapani, amekauka kunizidi, lakini weupe juu ya weupe nani atauona? Mimi nikisahau mafuta siku moja, mkutano mzima unajua. Sijapata rafiki mwingine asiyeweza kunifichia siri kiasi hicho, na marafiki wa hivyo ni adimu.

Ni mpole pia, haukatai msaada. Nilipowasha kiyoyozi cha joto usiku kucha, ukashukuru, kwa sababu chombo kile hakileti maji, kinapasha hewa ileile, na hewa iliyopashwa huwa na kiu zaidi. Nikaiga desturi ya hapa ya kujiloweka jioni katika maji ya nyuzi 40 na ushei. Raha tupu! Yakaniondolea na yale mafuta kidogo niliyozaliwa nayo, mpauko ukahamia usoni na virago vyake vyote.

Hapo maadui zake wakanishauri ninunue dawa ya Kijapani. Duka la vipodozi la hapa lina rafu ndefu kuliko korido ya hospitali. Nikachagua kichupa cheupe kilichoandikwa kwa herufi chache, nikidhani uchache ni dalili ya nguvu. Ndani mlikuwa na maji. Si losheni nzito kama tunavyoielewa sisi. Maji hasa, yenye utelezi kidogo, ambayo hapa huitwa keshōsui. Unayamimina kiganjani na kujipigapiga mashavu polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. Nilijipigapiga majuma mawili. Mpauko ulinitazama kwa huruma.

Ndipo mwenzangu yule akanisomea kichupa. Nimenunua aina ya sappari, nyepesi, ya wenye uso wa mafuta. Niliyoihitaji ni shittori, inayoacha unyevu. Na hata hiyo ni hatua ya kwanza tu. Baada ya maji huja kimiminika kama maziwa, kisha krimu, kwa sababu maji yasipofunikwa na mafuta hurudi hewani. Kwa ufupi nilikuwa nimeteka maji kwa bidii na kuacha mtungi bila kifuniko. Nani angenifundisha fizikia hii kama si mpauko? Mwalimu wangu wa sekondari alijaribu, Mungu amweke.

Na utukufu wake usiupime kwa uso wangu peke yake. Mwaka 1872 Arinobu Fukuhara alifungua duka la dawa Ginza, Tokyo, akaliita Shiseido. Leo ni kampuni ya vipodozi inayojulikana dunia nzima. Mwaka huohuo Robert Chesebrough alipata hataza Marekani kwa yale mafuta ya mgando aliyoyasafisha kutokana na masalio ya mafuta ghafi, akayaita Vaseline. Bahari kubwa kati yao, wala hawajuani, mwaka mmoja. Mpauko, bila ofisi wala mtaji, unalisha viwanda pande zote mbili hadi leo.

Siku hizi nafanya hivi: nikitoka kuoga, uso ungali na majimaji, napaka shittori, halafu juu yake mafuta ya mgando kidogo sana, yanayouzwa hapa famasi kwa jina la waserin. Kichupa cha kwanza nilimpa mwenzangu. Krimu ya hatua ya tatu sijainunua, bei yake ni ya kodi ya chumba Dodoma. Uso umetulia, mashavu hayavuti tena nikicheka. Viwiko nimeuachia mpauko.