Sifa za Vijiti Viwili

Wenye vipaji wameshasifu vya kutosha: bahari, mnazi, jahazi, mama mzazi. Mimi mkulima wa Yakobi, mwalimu wa hesabu mstaafu, ninayeamka na ukungu wa Njombe na kulala na baridi yake, naomba nafasi ndogo nivisifu vijiti. Sisemi vya kuwashia moto, wala vya kuchokonolea meno. Nasema vile viwili vyembamba, urefu wa shubiri, ambavyo mtu aliyesafiri kutwa nzima kwa basi, akashuka Mbezi na njaa iliyompanda tangu Mikumi, huwekewa mezani mahali pa kijiko.

Nilikutana navyo Masaki, Dar es Salaam. Mpwa wangu ana kazi nzuri mjini, na hataki mjomba wake arudi Yakobi bila la kusimulia. "Mjomba, leo nakupeleka sehemu ya vyakula vya Kiasia," alisema. Nikamuuliza Asia ipi. "Asia yote, Mjomba." Nilikaa kimya kwa heshima. Nilifundisha jirani na darasa la jiografia miaka mingi, nikasikia kupitia ukutani jinsi bara lile lilivyowashinda wanafunzi kulichora, kutoka Yemeni hadi Korea. Kumbe linatosha kwenye kurasa tatu za menyu, na ukurasa wa tatu ni vinywaji.

Menyu yenyewe ilikuwa ndani ya simu. Mezani palibandikwa kimraba chenye madoa meusi, unakielekezea kamera, vyakula vinatokea. Taa zilikuwa hafifu kama nyumba iliyoishiwa umeme wa luku, ila watu walikuwa wanafurahia. Bei ziliandikwa kwa tarakimu mbili tu: 28, 35, 42. Nikafurahi. Mpwa wangu akaniinamia sikioni: "Ni elfu, Mjomba. Sufuri tatu hawaziandiki." Halafu kijana wa kuhudumia akaniletea vijiti ndani ya bahasha ya karatasi, imefungwa vizuri kama barua ya uhamisho.

Sifa kuu ya vijiti ni kubana matumizi, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo hili lina manufaa kwa taifa.

Niliagiza wali wa Kithai na kuku wa mchuzi wa nazi. Wali ulikuja kwenye bakuli ambalo kwetu tungelinywea togwa. Safari ya kwanza niliondoka na punje tisa. Tano zilirudi bakulini kabla ya kufika mdomoni, nne nikazitafuna. Safari ya pili nilifikisha tatu. Ya tatu nilirudi mikono mitupu, nikatafuna hewa, maana nilikuwa nimeshafungua kinywa na watu wanatazama. Baada ya safari kumi nikapiga wastani, maana mwalimu wa hesabu anastaafu mshahara, hesabu hazimstaafu: punje nne kwa safari. Kijiko cha mezani, kwa makadirio yangu, hakikosi punje mia mbili. Kwa hiyo safari moja ya kijiko ni sawa na safari hamsini za vijiti.

Sasa chukua uwiano huo uupeleke kwenye semina. Kila ofisi nchini ina semina, na kila semina ina chai ya saa nne na chakula cha mchana. Wagawie washiriki vijiti mlangoni, pamoja na kalamu na lile daftari lisiloandikwa kitu. Chakula kinachoisha kwa saa moja kitahitaji saa hamsini. Semina ya siku mbili itafungwa, mgeni rasmi atatoa hotuba na kuondoka, na nyama bado imo kwenye sahani inafukuzwa. Kesho yake wanaingia washiriki wa semina nyingine, wanaikuta, nao wanaifukuza. Ng'ombe mmoja anaweza kuvuka kutoka Julai mosi hadi Juni thelathini bila kuguswa mbavu, na mkaguzi wa hesabu akija anamkuta karibu mzima.

Tena tusiishie kwenye wali. Katika lugha yetu neno kula lina kazi nyingi. Mtu hula kiapo, na akishakila hula rushwa, hula fedha za mradi, akizeeka tunasema amekula chumvi nyingi. Ingekuwa sheria kwamba kila kinacholiwa kiliwe kwa vijiti, barabara zetu za vijijini zingekuwa na lami leo. Mlaji angekaa na fedha za daraja mbele yake, anabana noti mbili, moja inamponyoka, anaifuata chini ya meza, na huku nyuma fundi anamwaga zege. Angefika kwenye nguzo ya tatu, daraja limeshazinduliwa.

Sifa nyingine ni ndogo ndogo. Havikwaruzi sahani. Haviibiwi. Ukichoka kula unaweza kujikunia mgongo. Na mtu asiyependa maongezi mezani ana udhuru, maana haiwezekani kujibu swali na kukamata kuku kwa wakati mmoja.

Lakini kijiko jamani kingewapunguzia nini?

Nilikiomba kwa adabu. Kijana yule, kwa lafudhi yake nikahisi ni wa kwetu, nikamjaribu na "Kamwene." Akatabasamu hadi magego, ni wa Makambako. Nikasema moyoni, hapa nimefika. Nikamwomba kijiko. Tabasamu likarudi ndani. "Baba yangu, hapa tunapenda mgeni apate uzoefu kamili." Chini ya meza mpwa wangu akanikanyaga mguu, taratibu, mguu wa mtu mwenye mchumba pembeni yake. Basi mwanangu wa Makambako anaogopa meneja, mpwa wangu anaogopa mchumba, mchumba anaogopa meza ya jirani, na mimi njaa inaniuma kwa sababu ya uoga wa watu watatu.

Uzoefu kamili wa nani? Niliporudi nilichunguza, kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Watu wa Thailand wali wao wanaula kwa kijiko, uma ni wa kusukumia tu, vijiti wanavitoa zaidi kwa tambi za supu. Yaani ningekuwa Bangkok ningepewa kijiko bila kukiomba. Sushi huko Japani kuila kwa vidole si kosa hata kidogo. Korea vijiti wanavyo, vya chuma, lakini wali wanauchota kwa kijiko. Wahindi na Waarabu wanaosha mkono wa kulia, basi. Hiyo Asia yote inayoshikilia vijiti kwa kila chakula sijaiona kwenye ramani. Ipo Masaki.

Wala Asia si mgeni kwetu. Biriani, sambusa na chapati vilivuka bahari ile ile, vikashukia pwani, vikapanda bara, na leo chapati ya Yakobi haimuulizi mtu uzoefu. Tuliila Asia kwa mkono kwa vizazi vingi, bila taa hafifu.

Hata vijiti vyenyewe niliviona mapema kuliko meneja wa pale. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba, na kipande kilichowatesa zaidi ni cha kutoka Mlimba kupanda kuja Makambako: milima, mahandaki, madaraja, mvua na maporomoko. Nilikuwa mtoto mdogo baba aliponichukua hadi Makambako kuangalia. Wachina walikuwa wanakula mchana, wamechuchumaa, kofia pembeni, matope hadi magotini. Bakuli la bati mtu aliliinua likagusa mdomo, na vijiti vikafagia wali kuingia ndani kama ufagio unavyosukuma takataka mlangoni. Sekunde chache, bakuli tupu, mtu kasimama na sururu. Siri yote iko kwenye kuinua bakuli. Hivi ni vifaa vya watu wenye haraka na kazi. Masaki ukiinua bakuli hadi mdomoni mpwa wako anakukanyaga mguu wa pili.

Vya Masaki vilikuwa vya mwanzi. Hilo nalo liliniuma kidogo. Kwetu mwanzi wa ulanzi ukikatwa ncha unatoa kinywaji asubuhi na jioni, kijiji kinaimba. Huu umekatwa, umepigwa msasa, umetiwa kwenye bahasha, na kazi yake ni kumzuia mtu asile.

Kisha ikaja sushi, vipande vinane juu ya ubao mweusi, mchumba akaipiga picha kabla ya mtu kuigusa. Katikati ya kila kipande palikuwa na kitu cha kijani, unene wa kijiti cha kiberiti. Nikakibana, kikaponyoka, nikakitazama pale mezani. Parachichi. Aina ya Hass, limeiva vizuri. Nililitambua kama unavyomtambua mwanafunzi wako wa zamani aliyevaa suti. Halikutoka Japani hilo. Parachichi liliingizwa kwenye sushi huko Amerika Kaskazini, Wajapani wenyewe lilikuwa geni kwao. Na hili la mezani kwangu sikuwa na haja ya kuliuliza kabila.

Vipande vinane vile, nikivipanga pamoja, havikuzidi robo ya tunda. Bei: 28. Msimu uliopita dalali alinipa shilingi mia sita kwa kilo. Kilo ya Hass ina matunda manne au matano, kwa hiyo robo ya tunda ilinipa kama shilingi thelathini na tatu. Sisemi mkahawa umeiba. Kuna mchele, samaki, pango, umeme hata kama hawauwashi, na kijana wa Makambako lazima alipwe. Nilichokipenda pale, na hapa nasifu kweli, ni nidhamu ya vipimo. Nane ni nane. Tangawizi ni vipande vitatu. Mchuzi wa soya umejaa kisahani hadi mstari, hauvuki. Nilimwomba yule kijana anizidishie kipande kimoja cha sushi, kwa undugu wa Kamwene. Akacheka kwa huruma. Wanaviandaa kwa idadi, alisema, hata mpishi mkuu hawezi.

Mpwa wangu alilipa kwa kadi, uso umegeukia pembeni. Tukatoka. Tulipofika kwenye taa za barabarani Kinondoni akakata kona bila kuulizwa, akasimamisha gari kwa muuza chipsi. "Mjomba, chipsi mayai?" Mchumba ndiye aliyetangulia kushuka.

Ni pale, nikisubiri mafuta yachemke, nilipoliona gunia. Liliegemea ukuta nyuma ya jiko, limevimba, na juu ya mdomo limeshonewa kilemba cha wavu kirefu kama mkono wangu, viazi vinachungulia. Lumbesa. Nikamuuliza kijana viazi vinatoka wapi. "Njombe, mzee. Ndivyo vitamu."

Nikala chipsi zangu kwa mkono, kimya, nikitazama lile gunia.

Sheria ya Vipimo ipo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo wapo. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lumbesa nimeisikia ikipigwa marufuku mara nyingi kuliko nilivyokula sushi: kwenye mikutano, kwenye redio, kwa kipaza sauti juu ya gari. Msimu ukifika inapanda lori mchana kweupe na kupita kizuizini inatikisa kilemba chake kama bibi harusi. Siku mkulima anapouza, kipimo kinakuwa urefu wa mkono wa dalali. Viazi vikishavuka mlima Kitonga, ghafla kila mtu anajua kuhesabu. Novemba 2022 serikali yetu na ya China zilitia saini makubaliano ya kupeleka maparachichi huko, tukashangilia Njombe nzima, nami nilishangilia. Sina ugomvi na Mchina na vijiti vyake. Najiuliza tu nani atasimama shambani na mzani.

Vile vijiti nilivitia mfukoni, nikaja navyo Yakobi. Wiki iliyofuata dalali alifika kununua viazi, na vijana wake wawili na shazia za kushonea. Gunia likajaa, wakaongeza kilemba, likajaa tena, wakalikanyaga, wakaongeza. Nikamtolea dalali vijiti, nikamwambia hivi ndivyo wenzetu wa mjini wanavyopimia. Akavigeuza geuza mkononi. "Mwalimu, hivi ni vya kushonea?"

Aliposhughulika na gunia la pili, tulilibeba lile la kwanza hadi kwenye mzani wa mashine ya kusaga. Kilo mia moja thelathini na mbili. Alilipia gunia moja.