Sebule Imependeza, Mgeni Akae Nje

Anayedai Watanzania hawajui kuhifadhi vitu hajafika sebule ya Dar es Salaam siku ya Krismasi. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1940, yangefaa kuja kujifunza: huko mgeni bado huingia na viatu!

Hapa hakiguswi kitu. Makochi mapya yamo ndani ya nailoni ya dukani, na juu ya nailoni vimetandazwa vitambaa vya kufuma ili nailoni isichafuke. Vikombe vyenye mstari wa dhahabu vimo kwenye kabati la vioo. Ufunguo anao mama. Pembeni umesimama mti wa plastiki uliobandikwa pamba, kwa kuwa theluji ya Kilimanjaro iko juu mno, karibu na mita 5,895, na Desemba ya Dar hupita nyuzi 30.

Wageni nao wamefikiriwa. Wamewekewa viti vya plastiki chini ya mwembe, na pilau kwenye sahani za kutupa. Upepo upo, na soda haitamwagikia zulia.

Anayetamani kuiona sebule achungulie dirishani. Pazia tu asiliguse, limeshonwa juzi.