Kuvuka Nakuru kwa Viatu Vikavu

Mvua ya Aprili haiulizi umevaa nini. Sogea karibu basi, nikupe siri: Nakuru ina njia mbili, ya barabarani na ya chini ya veranda. Shika hiyo ya pili, ufike ofisini kama uliyeletwa na gari.

1. Acha mwavuli nyumbani. Huo mkono utauhitaji kwa karanga. Ukishuka matatu, usikimbie, tazama juu. Tafuta duka la zamani, paa limetokeza mbele, nguzo zimesimama ukingoni mwa njia. Reli ilifika hapa mwaka 1900, Wahindi wakaja na biashara zao, wakajenga hivyo. Walijua watu: anayejikinga mvua mlangoni pako ataanza kupapasa kitambaa, na anayepapasa hununua. Kiangazi veranda hiyohiyo inakukinga na jua. Vumbi itakupunguzia tu. Hata jina Nakuru kwa Kimaasai ni mahali pa vumbi.

2. Msalimie fundi wa cherehani kabla hujafika miguuni pake. "Habari ya kazi, fundi?" Aliyesalimiwa husogeza kiti, aliyerukwa hunyoosha miguu zaidi. Kwa muuza magazeti, soma vichwa vyote vya habari bure, ila nunua moja kila Ijumaa. Uso wako anaujua.

3. Sasa penyewe. Veranda hukatika, na kati ya paa na paa ndipo wageni hulowa. Wewe tafuta duka lenye milango miwili. Ingia kwa mbele, uliza bei ya blanketi, tokea nyuma. Uliza kwa dhati, gusa na pamba yake, kwa sababu Julai baridi ya kreta ya Menengai itakurudisha hapo na pesa mkononi. Ukikosa duka la namna hiyo, mfuate dada aliyetoka saluni sasa hivi. Hakuna anayezijua paa za mji huu kama mwenye nywele mpya.

4. Ng'arisha viatu mwishoni mwa safari, si mwanzoni, na kwa mng'arishaji aliye chini ya paa.

5. Atakuja mtu kukusimulia veranda za Italia. Msikilize, kisha mtangulie. Mwambie jiji la Bologna lina kilomita 62 za veranda za namna hii, na kwamba UNESCO iliingiza baadhi yake katika urithi wa dunia Julai 2021. Desemba mosi mwaka huohuo Nakuru ikapewa hadhi ya jiji. Mwambie pia kwamba mwaka 1288 Bologna iliamuru kila nyumba mpya iwe na veranda, ya kimo cha kumpitisha aliyepanda farasi. Mwenye nyumba anajenga na kukarabati, mpita njia anapita. Sheria hiyo naipenda sana, na ningependa jiji letu liiazime kabla ya kutoa kibali kingine cha ghorofa la vioo lenye ukuta uliosimama wima hadi barabarani.

6. Mwenye duka akipanga magodoro hadi kwenye nguzo, usishuke barabarani. Ukishuka leo, kesho ataweka geti. Pita hapohapo, ubavu kwa ubavu na godoro, useme "samahani, mzee" kwa upole. Kesho pita tena, na mwenzako. Kesho kutwa njooni wanne.