Mita Moja, Vyumba Sita

Serikali inawasaidia wanyonge kwenye umeme, na anayebisha aje nimpigie hesabu. Kwa bei za EWURA za mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na makato mengine. Mteja wa kawaida akawekewa uniti hiyohiyo kwa 292. Umeme ni uleule, umepita kwenye nguzo ileile iliyoinama pale kwa muuza chipsi. Kinachotofautisha ni huruma tu. Mimi ni mnyonge, vielelezo ninavyo, na huruma hiyo naisikia kama harusi ya jirani: muziki unafika mpaka kitandani, pilau haivuki ukuta.

Shida ni kwamba huruma yenyewe imeandikishwa kwa namba ya mita. Nami sina mita, nina chumba. Chumba kimoja na kijisebule, Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita ambayo mwenyewe anaishi Kibaha na tunamwona siku za kodi tu. Familia sita, bomba moja, choo kimoja, mita moja.

Tuseme kila familia inatumia uniti 30 kwa mwezi: taa mbili, televisheni, feni usiku, simu za kuchaji. Nadhani hiyo ndiyo familia hasa waliyokuwa wanaifikiria waliokaa mezani kupanga ile bei ya 100. Ingekuwa na mita yake ingelipa 3,000. Lakini 30 mara sita ni 180, na mita inayokula uniti 180 haihesabiwi kuwa ya mnyonge. Machoni pa kompyuta, hapa anakaa bwana mmoja mzito, ana viyoyozi viwili na mashine ya kufulia. Bwana huyo anauziwa kwa 292, jumla 52,560, ukigawa kwa sita ni 8,760 kila chumba. Tunalipa karibu mara tatu kwa kosa la kubanana.

Na kuna kijana mmoja namfahamu, yuko Sinza, apatimenti nzima peke yake. Asubuhi ofisini, jioni baa, nyumbani anaingia kulala. Uniti 60 zinamshinda kumaliza. Huyo ndiye mnyonge rasmi. Akinunua umeme wa 5,000 anaiangalia ile meseji na kucheka, halafu ananitumia picha yake, mshenzi yule.

Watu wenye akili timamu wameshanishauri: si ukavute mita yako? Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye ukuta. Mita haifungwi kwenye mkataba wa kupanga, inafungwa kwenye nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Halafu kuna bei. Kulikuwa na wakati kuunganishiwa umeme ilikuwa 27,000 hata huku mjini. Januari 2022 bei ya mjini ikarudishwa kuwa 320,960 kwa nyumba isiyohitaji nguzo. Nilimgusia mwenye nyumba kwamba tunaweza kuchangia. Alinisikiliza kwa upole, akaniuliza, "Sasa ukihama, baba, utaing'oa uondoke nayo?" Sikuwa na jibu. Akaongeza kwamba mita sita ukutani zinaharibu sura ya nyumba. Nyumba yenyewe haijapigwa rangi tangu enzi za Mkapa.

Kwa hiyo tunachanga. Mweka hazina wetu ni mzee mmoja mstaafu wa chumba cha kwanza, tuliyemchagua kwa sababu ndiye pekee asiyekopesheka. Ameweka viwango vyake kwenye daftari la kaunta: taa na simu 4,000, ukiwa na televisheni 7,000, friji 20,000. Mama wa chumba cha tatu anauza barafu za ukwaju na ubuyu, na kila mwezi anapinga hiyo 20,000 kwa hoja mpya. Siku hizi hoja yake ni Bwawa la Nyerere. "Mzee, mitambo yote tisa inazunguka, megawati 2,115, nimesikia mwenyewe redioni. Maji ya Rufiji ni ya Mungu. Umeme wa maji ya Mungu unauzwaje kwa bei ya zamani?" Mzee humjibu kwamba maji ni ya Mungu ila waya ni wa watu, alipe.

Kijana wa chumba cha tano ana sabufa. Yeye msimamo wake haujabadilika: "Sabufa halili umeme, mzee wangu, linapiga kelele tu."

Siku ya kuingiza umeme ni shughuli ya nyumba nzima. Mita ipo koridoni, juu, na vitufe vyake ni vya mpira. Kile cha 5 kimefutika namba na kimechoka kabisa. Mjukuu wa mzee anapandishwa juu ya ndoo. Mzee anaisogeza miwani puani, anasoma tokeni kwenye simu, tarakimu 20, moja moja. Mtoto anabonyeza. Wakifika kwenye 5, kitufe hakikubali. Anabonyeza kwa nguvu zaidi, zinaingia mbili. Wanafuta, wanaanza upya. Wakati huo sote tumesimama gizani na tochi za simu, na mama wa barafu anasoma dua kwa ajili ya friji.

Kwenye mita kuna kitaa chekundu cha kupepesa. Umeme ukitumika kidogo kinapepesa kwa mapozi. Ukitumika sana kinapepesa harakaharaka. Mzee amejifunza kukisoma. Saa nne usiku anatoka na msuli wake, anasimama chini ya mita, anatazama, kisha anauliza koridoni kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani anapiga pasi?" Kimya. Unasikia swichi mahali fulani, tii. Kitaa kinatulia. "Ahsante, mama wa chumba cha nne," anasema, anarudi kulala. Jagi la kuchemshia maji analitambua hata kabla maji hayajapata moto, na amelikamata chini ya kitanda cha mtu ambaye sitamtaja kwa kuwa tunalala kitanda kimoja.

Ukiniuliza, huyu mzee ndiye msaada pekee wa nishati ninaoupata.

Halafu tukishanunua, inakuja zamu ya kodi ya jengo. Tangu 2021 kodi hii inakatwa humohumo kwenye LUKU. Mwanzo ilikuwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa, mwaka 2023 ikapanda ikawa 1,500. Anayedaiwa ni mwenye jengo, hilo kila mtu analijua, yeye mwenyewe wa Kibaha akiwemo. Ila anayenunua umeme ni sisi. Manunuzi ya kwanza ya mwezi, 1,500 inakwenda, na mpangaji anashauriwa aelewane na mwenye nyumba wake. Nami nimekaa nikalifikiria hilo neno kuelewana. Elfu moja na mia tano gawanya kwa vyumba sita ni 250. Nimpigie simu mwenye nyumba nimdai 250? Muda wa maongezi tu unaila nusu. Nimfuate Kibaha kwa daladala, nimkute ana wageni, nimwambie, shikamoo baba, nimefuata mia mbili hamsini yangu? Mwaka mzima ni 3,000, na siku nikiitaja yeye atataja kodi ya pango ya miezi ijayo. Basi namlipia. Watu wa kijijini wakiniuliza nimepata nini mjini miaka yote hii, kiwanja sina, gari sina, ila kodi ya jengo ninayo.

Nisionekane nimelaani kila kitu. Kuna msaada umefika kwenye ukoo wetu kwa macho yangu. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wa kufika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Na mitungi midogo ya gesi, ile ya kilo sita, ikapelekwa vijijini kwa nusu bei, ruzuku ya serikali, unakwenda na kitambulisho cha taifa. Shangazi yangu aliupata. Nilipokwenda kumsalimia niliukuta sebuleni, juu ya stuli, umevishwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano. Nje, mafiga matatu, moshi mpaka kwa jirani, maharage yanachemka.

"Shangazi, mbona hupikii gesi?"

"Naipikia, mwanangu. Ukija mgeni wa chai."

Gesi ya ruzuku ilikuwa ile ya kwanza. Ikiisha, kuijaza ni bei ya dukani, na lazima uilipe yote kwa mkupuo. Kuni shangazi anaziokota. Mkaa hapa kwetu unauzwa hata kwa kopo, mafuta ya kula kwa kipimo, sukari kwa robo, dagaa kwa fungu. Mnyonge ni mtu wa rejareja. Ukimletea huruma iliyofungwa kwa jumla anaivisha kitambaa tu.

Nilimweleza mzee mweka hazina wazo langu kwamba serikali ingetuhesabu vichwa, ikatugawia zile uniti 75 kila familia hata kama mita ni moja. Alilipenda. Alinyamaza akipiga hesabu kidogo, kisha akasema tatizo lake ni moja: nani atakwenda kuhesabu? Maana akija mtu wa kuhesabu familia, mwenye nyumba atatusihi tuseme wote ni ndugu zake, asije akaulizwa mapato ya pango. Tutakuwa familia moja. Ya watu 27. Yenye kiyoyozi.

Chumba cha sita kimepata mpangaji mpya wiki hii, yule wa zamani amehamia Chamazi. Nilisimama na mzee barazani tukitazama mizigo ikishushwa kwenye kirikuu: godoro, kabati, televisheni bapa, feni mbili. Mzee akiandika. Mwisho ikashuka mashine moja nzito, wameibeba watu wawili, ina waya mnene wenye koleo nchani. Mzee akauliza kwa adabu ni ya nini. Ni fundi wa kuchomelea, akasema yule kijana, karakana anayo, ila kazi za haraka huwa anazimalizia nyumbani.