Sifa za Intarapti Isiyojua Usiku

Wamesifiwa simba, wamesifiwa mabibi harusi, wabunge nao wamesifiwa mpaka wakaamini. Intarapti peke yake haijapata wa kuitungia hata ubeti mmoja. Naomba nianze mimi niliyenyimwa nayo usingizi, maana anayekuamsha kila usiku mwishowe unamjua kuliko jirani.

Kwa wasioijua, intarapti ni hodi ambayo kifaa humbishia prosesa. Kipima maji kina neno, chaja ina neno, saa ina neno. Kila kimoja kinabisha kwenye laini yake, na draiva, ile programu inayokihudumia, inatoka kuitikia. Mchana mambo shwari. Kasheshe ni usiku, mfumo endeshi wa Linux unapolala ili kubana betri. Na hapa Bujumbura kubana betri si ubahili. Sanduku langu linalopima kina cha Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo mafuriko yake watu wa Gatumba hawahitaji kuhadithiwa, linaishi kwa paneli ndogo ya sola, na umeme wa ukutani huja siku ukitaka.

Fadhila zake ndogo nizitaje upesi. Haiulizi kabila wala chama. Haidai posho. Haijapata kumwambia mtu arudi kesho.

Fadhila yake kuu ni subira. Tunaambiwa subira ya Ayubu, lakini Ayubu alikuwa na rafiki watatu wa kukaa naye. Intarapti isiyo na mwenyewe haina hata mmoja. Inabisha, draiva inachungulia, inasema si wangu. Inabisha tena. Keneli, kiini cha Linux, inahesabu kimyakimya: hodi zikifika 100,000, na zaidi ya 99,900 kati yake hazina aliyezipokea, inaandika kwenye kumbukumbu kwamba hakuna aliyejali, kisha inaifunga laini. Laki nzima, na chai haijapoa! Tena tazama uungwana wa keneli: inakiri kwa maandishi. Ofisi nizijuazo zikipokea barua laki moja zingejibu kwamba suala linashughulikiwa.

Hata usingizi wenyewe keneli inaupanga kwa adabu. Kabla mashine haijalala, laini za vifaa zinafungwa. Hodi itakayokuja baadaye inatiwa alama, na mashine ikiamka inashughulikiwa. Kifaa chenye haki ya kuamsha nyumba nzima kinaombewa haki hiyo waziwazi, kwa enable_irq_wake. Wengine wasubiri asubuhi.

Ndipo anapoingia mheshimiwa. Mwandishi wa draiva ya chaja, aliko huko, aliamua kwamba chaja yake haiwezi kufungiwa laini kama vifaa vya watu wa kawaida. Akaipachika IRQF_NO_SUSPEND, alama iliyokusudiwa saa za mfumo na wachache wa aina hiyo. Kumbe chaja inachangia laini na kipima maji changu. Basi laini inabaki wazi: kipima maji kikibisha saa nane za usiku, keneli inaziita draiva zote za laini hiyo, pamoja na ya kipima maji, ambacho njia yake ya mawasiliano imeshalala. Draiva hiyo inajaribu kusoma rejista, inaambulia kosa, inasema si wangu; ya chaja nayo inasema si wangu. Hodi zinamiminika, laki inatimia, laini inafungwa, na alfajiri ziwa limepanda bila sanduku kujua. Sasa niambie, ndugu yangu, chaja ya betri ina dharura gani usiku wa manane? Nani amekufa? Ulimwuliza nani kabla ya kujipa cheo?

Nisamehewe, nilikuwa nasifu.

Jambo hili si geni. Kwenye chipu za AT91 za Atmel, saa ya mfumo ilichangia laini na vifaa vingine, na mwaka 2015 keneli ikaongezewa IRQF_COND_SUSPEND: draiva inatamka kwamba inaweza kuishi na jirani asiyelala, na inajitunza yenyewe. Asiyetamka, keneli inamkaripia hadharani. Kwa hiyo hata upendeleo una utaratibu wake: anayechangia nawe laini lazima awe ameridhia.

Peleka kanuni hiyo kwenye foleni ya mafuta hapa mjini. Watu wamelala ndani ya magari, wengine wameacha madumu yawashikie nafasi. Linatokea gari la vioo vyeusi, halipigi honi, halisemi lolote, linapita pembeni hadi kwenye pampu. Dereva wa teksi akiuliza anaambiwa ni la chefu, la mkubwa. Chefu gani? Wa nini? Kumbukumbu haiandikwi, jirani hakuulizwa, na anayekaripiwa ni aliyeuliza.

Faraja yangu imo kwenye maelezo ya keneli yenyewe, aliyoyaandika Rafael Wysocki. Yanaonya kwamba IRQF_NO_SUSPEND haina dhamana ya kuiamsha mashine; kazi yake ni kuiacha laini wazi, basi. Chefu naye amefika mbele ya wote, kibali mkononi, na pampu ni kavu.