Meza Iko Kindu

Habari kwamba tunahamia Nairobi niliipata kwa muuza mikate. Alinitakia safari njema, kisha akauliza kama friji tutaiuza au tutaiacha. Usiku wa jana yake nilikuwa nimemwambia mume wangu, chumbani na kwa sauti ya chini, kwamba jambo hilo tungeweza kulifikiria. Kulifikiria tu. Lakini nyumba yetu ya hapa Mikelenge, Kindu, ina kuta zisizofika darini, na chumba cha pili analala mama mkwe, ambaye masikio yake hayajazeeka. Friji yenyewe, nikwambie ukweli, tunawekea mchele. Panya hawaingii, na umeme wa kuiwasha hatujauona siku nyingi.

Chanzo cha yote ni kazi yangu. Nasikiliza sauti zilizorekodiwa kwa Kiswahili, nyingi za watu wa huku kwetu mashariki ya Kongo, naziandika neno kwa neno, kisha nazitafsiri kwa Kifaransa. Kampuni iko Montreal. Ukiwaambia watu wa Kindu kwamba unafanya kazi Kanada bila kutoka uani, wengine wanakuona tapeli na wengine wanakuja kukukopa. Mama mkwe alishika njia ya tatu: kwa muda mrefu aliamini nina bwana mwingine, kwa sababu kila wiki, usiku, nilijifungia na kuzungumza Kifaransa laini na mwanamume asiyeonekana.

Mwanamume huyo ni meneja wangu. Mkutano wake ni saa tisa alasiri ya Montreal. Sasa, Kongo ina saa za aina mbili: Kinshasa na magharibi wana zao, na sisi wa mashariki, mkoa wetu wa Maniema ukiwemo, tumewatangulia kwa saa moja. Meneja kila mara aliniandikia saa za Kinshasa, nami niliongeza moja kichwani. Huko Kanada nao husogeza saa mbele kipindi cha joto na kuirudisha kipindi cha baridi, basi miezi mingine naketi mezani saa tatu usiku, miezi mingine saa nne. Nairobi ingeongeza saa nyingine: mkutano wa kipindi cha baridi ungeanza saa tano usiku. Hilo mdogo wangu wa kike, anayekaa huko Kasarani na ndiye aliyeleta wazo la kuhama, hakulisema.

Alichosema ni umeme. "Dada, huku unachomeka tu." Hapo alinipata, maana wiki ile ile betri ilikuwa imenikatia mkutano katikati ya sentensi. Mume wangu ni mwalimu wa fizikia. Paneli za jua alizifunga mwenyewe juu ya paa la jiko, kwa kuwa paa la nyumba ni refu na ngazi aliyoazima ilikuwa fupi. Mama mkwe naye akalitazama paa lile. Akaona mahali laini, pakavu, palipoinama kidogo, penye jua tangu asubuhi, pasipofikiwa na kuku wala mbuzi. Akaanika mihogo.

Sisi tukailaumu betri. Mume wangu aliifungua, akapima nyaya, akampigia simu aliyemuuzia na kumwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Kumbe mihogo ilipanda asubuhi, mimi nikiwa ndani na vipokea sauti masikioni, ikashuka alasiri kabla mwenye paneli hajarudi kutoka shuleni. Alipogundua, alileta chaki akamchorea mama yake ukutani: vipande vya paneli vimeungwa kwa mfululizo, hivyo kivuli kikiangukia vichache tu, umeme wa paneli nzima unashuka. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Jua ni la Mungu," alisema. "Linatosha mihogo na mashini."

Tena si mihogo peke yake iliyokula betri ile. Avenyu nzima huchaji simu kwetu. Jioni barazani zimelala mstari, kila moja na kikaratasi chenye jina, na karani wao ni mama mkwe. Hatozi fedha. Hupokea samaki, ndizi, vikombe vya mchele, na habari. Ndiyo maana muuza mikate alijua mapema: simu yake ilikuwa imelala kwetu, na mwenye simu alikuja kuichukua karani akiwa na jambo moyoni.

Mume wangu hapendi kubisha bila kusoma. Alinunua daftari akaanza kuandika nchi. Mauritius: tangu 2020 inatoa viza ya mwaka mzima kwa wenye kazi za mbali, bila malipo. Nikaanza kuisikia bahari. Kisha akasoma mstari wa pili: kipato kisichopungua dola 1,500 kwa mwezi. Namibia, tangu 2022: miezi sita, dola 2,000 kwa mwezi. Nilimwambia afunge daftari. Mshahara wangu, unaolisha watu ambao idadi yao hubadilika kila mlo, haufiki nusu ya huo wa Mauritius. Viza hizi zimeshonwa kwa kipimo cha mtu wa Berlin au Toronto anayekimbia baridi na kodi ya nyumba. Yeye anafuata jua. Jua sisi tunalo hadi la kugombania. Tungefuata soketi.

Ikabaki Kenya. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka uliofuata Kenya ikatuondolea viza. Mdogo wangu aliishia hapo, akapiga vigelegele kwenye simu. Mume wangu hakuishia hapo. Kuingia bila viza, alisema, si ruhusa ya kuhamia. Kenya ilitangaza kibali chake cha wafanyakazi wa mbali mwaka 2024, nacho kinataka uthibitisho wa kipato. Na ukikaa kule siku 183 ndani ya mwaka unahesabiwa mkazi wa kodi. Akamalizia kwa furaha mbaya: Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Nilimjibu kwamba kule ukikatika inakuwa habari, huku kwetu ukiwaka ndiyo habari.

Halafu njia. Nairobi iko mashariki yetu. Zamani ungepanda ndege hadi Goma, ukavuka Rwanda, ukaendelea. Lakini Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Kwa hiyo kwenda mashariki kunaanzia magharibi: unaruka hadi Kinshasa, kuvuka sehemu kubwa ya Kongo kwa upana, ndipo upande ndege nyingine irudi kupita juu ya kichwa cha mama mkwe. Baba mkubwa wa mume wangu alipendekeza reli. Baba yake alikuja Kindu kwa reli hiyo ya kutoka Kongolo, naye huisifu treni kama mtu anavyomsifu marehemu. Ushuke kusini, ufike Kalemie, uvuke Tanganyika hadi Kigoma. Nilimuuliza treni inaondoka lini. Akasema hilo ni swali la watu wa ndege.

Wakati sisi tukibishana, mzigo wa kwanza ulikuwa umeshafungwa, na aliyeufunga ni yule asiyetaka safari. Mama mkwe alisikia kwamba mdogo wangu anatamani mawese ya kwetu. Awe anapinga kuhama au hapingi, mgeni hawezi kufika kwa watu mikono mitupu. Akajaza bidoni, akalifunga kwa mfuko wa plastiki badala ya kifuniko, akalilaza mahali salama kuliko pote nyumbani: sanduku la bati lililo chini ya kitanda chetu, lenye vyeti.

Karatasi iliyolowa mawese haichaniki, wala haikauki. Hupitisha mwanga. Cheti chetu cha ndoa ukikishika dirishani unasoma mbele na nyuma kwa pamoja: jina langu, juu yake mhuri, juu ya mhuri saini ya shahidi ambaye tangu harusi hatujamwona. Diploma ya mume wangu iligeuka rangi ya embe. Mama mkwe alileta unga wa muhogo, akaumwaga juu ya kila kitu ili unyonye mafuta, nao ulinyonya vizuri sana. Mtoto wetu wa mwisho alikutwa akilamba pembe ya karatasi ya masomo ya kaka yake.

Katika kupangua karatasi hizo tukagundua kwamba yeye mwenyewe, mlambaji, hana cheti cha kuzaliwa. Ana kadi ya chanjo tu. Mume wangu aliapa kwamba wiki aliyozaliwa alikwenda kumwandikisha. Tukatafuta risiti. Alichoandikisha wiki ile ni pikipiki. Na Kongo mtoto huandikishwa bure ndani ya siku 90. Zikipita, shuruti hukumu ya mahakama kwanza. Bila cheti hakuna pasi ya kusafiria, na pasi zenyewe ni gharama: kwa miaka kadhaa kijitabu kimoja kiliuzwa dola 185, na hata baada ya bei kushuka, zidisha kwa watoto wote uone. Tulimpelekea karani mmoja vyeti vyetu vya rangi ya machungwa. Alivinusa kabla ya kuvisoma, akaita wenzake, akauliza kwa adabu kama tumeleta na wali.

Ndipo ukaitwa mkutano wa familia. Baba mkubwa alivuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli, akiwa amevaa koti. Walikuja mashangazi, na majirani wenye simu kwenye chaji, ambao walidai kwamba nao ni wahusika. Baba mkubwa alikumbusha kwamba mahari yangu haikulipwa Nairobi. Mjomba wangu akakumbusha kwamba mbuzi mmoja wa mahari hiyo bado hajafika. Hapo ajenda ikapotea kwa muda mrefu, na wali ukapakuliwa.

Shangazi mmoja ndiye aliyeturudisha. Aliuliza watoto watasoma wapi, hawa waliozoea Kifaransa. Pia Kongo shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019. Je, kule tumeuliza? Tena tukiondoka, mama atabaki na nani? Mume wangu alitazama daftari lake. Hakuwa na ukurasa wa hilo.

Mama mkwe alikuwa kimya hadi wakati huo, akipanga vikaratasi vyake. Akasema, bila kuinua macho:

"Kazi iko ndani ya mashini. Mashini iko juu ya meza. Meza iko Kindu. Sasa unaenda kutafuta nini Nairobi?"

Mimi si mtu wa kushindwa kwa urahisi. Nilisema: umeme, mama. Na mtandao. Akajibu kwamba hivyo ni vitu, na vitu huletwa. Nimekisikia kichwa hicho kikitoa maneno mengi, lakini hili lilikuwa na hesabu ndani yake. Mume wangu aliipiga pale pale. Dishi la mtandao la Starlink, ambalo mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imelikataza Machi 2024, liliruhusiwa Mei 2025. Dishi, betri ya pili na paneli ya ziada, vyote kwa pamoja, havikufikia nauli zetu za kwenda tu, kabla hujagusa pasi wala kodi ya nyumba Kasarani. Kwa maoni yangu mwenye kazi ya mbali anayetaka kuhama na jamaa yake apige hesabu hiyo kwanza, kabla hajamwambia mumewe chochote chumbani.

Hatuendi. Mume wangu amejenga uchanja wa miti nyuma ya jiko, na mihogo ina mahali pake. Paneli sasa ziko juu ya paa la nyumba, kwa ngazi ya kununua. Kesi ya cheti cha mtoto inaendelea mahakamani. Mawese yaliyobaki yalipelekwa Kinshasa na msafiri, na mdogo wangu bado ananiuliza yatavuka lini.

Nilimwandikia meneja kwamba anwani yangu haitabadilika. Alijibu kwamba hakujua ilikuwa na mpango wa kubadilika, na kwamba kwake ni mamoja, mradi kazi inafika. Akaongeza kwamba Kindu amesikia ni mtaa mzuri wa Kinshasa. Nilimtumia ramani. Tangu wiki ile ananiandikia saa za kwetu.